Mama Baada ya Kengele

Juzi nilinunua majani ya maboga sokoni hapa Mbulu mjini, nikakaa mlangoni kuyatoa nyuzi, na nilipomaliza nikanusa vidole vyangu. Sikuyapika. Watoto walikula ugali kwa mayai na hawakuniuliza kitu, maana tangu tumzike mama yangu wamezoea kuniona nasimama katikati ya kazi kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

Nyie mliosoma enzi zetu mnaijua harufu ninayoisema. Kabla shule hazijafunguliwa, mama, ambaye alikuwa mwalimu, alikuwa anatukusanya watoto watano sita, tunapasua betri kuukuu za redio, tunatoa ule unga mweusi wa ndani na kuutwanga pamoja na majani ya maboga mpaka unakuwa uji mzito. Uji huo ndio tuliopaka ubao. Ubao ulikuwa unang'aa mweusi tii, na mama alikuwa anarudi nyumbani na viganja vyeusi hivyo hivyo, akisonga ugali huku anacheka kwamba leo tutakula ubao. Chaki alikuwa anaikata vipande vitatu, na kipande cha mwisho alikiandikia mpaka kucha zinakwaruza. Ndivyo alivyokuwa katika kila kitu, hakuwa na mazoea ya kuacha jambo lingali na kitu ndani yake.

Kwao na kwetu ni Tumati. Alipopangiwa kufundisha Gendabi, kule chini ya Mlima Hanang, baba alibaki Tumati na bibi, kaka zangu, mashamba na ng'ombe. Mimi kitinda mimba nikaenda na mama. Tulipewa chumba na sebule kwenye nyumba za walimu, na kwa karibu miaka miwili nikawa naye peke yangu, raha ambayo sijawahi kuipata tena mahali popote. Upepo wa mlimani ulikuwa unapita chini ya mlango usiku kucha na bati linagonga, na mimi nimeubana mgongo wake, nasikia anavyopumua. Jumapili alikuwa ananisuka mbele ya nyumba. Alikuwa akivuta nywele mpaka machozi yananitoka, halafu anasema, "Pole, mama, bado moja tu," na zinabaki kumi.

Nilipoingia darasa la nne, yeye ndiye akawa mwalimu wangu wa darasa. Jioni kabla ya kufungua shule alikuwa anapuliza moto, akaniambia bila kugeuka, "Fausta, sikiliza. Kesho ukivuka ule uzio wa minyaa mimi si mama yako. Ni mwalimu wako mpaka kengele ya kutoka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Sikuwa nimeelewa chochote. Leo najua alikuwa anaogopa maneno ya wazazi wengine na ya walimu wenzake, kwamba anambeba mtoto wake. Lakini mimi niliyapokea maneno yale kama yalivyotoka. Niliamini kwamba pale kwenye minyaa kuna kitu kweli kinamchukua mama yangu na kumrudisha saa nane na nusu. Nilikuwa natangulia na wenzangu, halafu nageuka kumtazama anavyovuka ili nione uso wake unavyobadilika. Na ulikuwa unabadilika.

Wiki ya kwanza alipoingia darasani tukasimama, na wenzangu wote wakasema, "Shikamoo mwalimu." Mimi ulimi ukateleza, nikasema mama. Akanisimamisha peke yangu, nikarudia mara tatu, darasa zima linacheka mpaka madawati yanalia. Tangu siku hiyo sikukosea. Nikazidi hata alivyotaka. Siku moja homa ilinipanda katikati ya somo la hesabu, nikanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Alikuwa na swali moja kwa kila mtoto mgonjwa, na aliniuliza hilo hilo bila kufikiri.

"Nyumbani kuna nani?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Mama yuko kazini."

Hakuna aliyecheka. Mama alitazama ubao muda mrefu, mgongo kwetu. Kisha akavua sweta lake, akanifunika, akaniketisha kwenye kiti chake, akaendelea kufundisha kutoa kwa kukopa. Kengele ilipolia alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, mtoto mkubwa wa miaka kumi, miguu yangu ikigonga magoti yake. Nililala kwenye shingo yake nikiwaza kwamba amerudi, mama yangu amerudi.

Mwaka huo huo ndipo alipokuja Udagwenga. Sisi tulimwita Uda. Alikuwa msichana wa wafugaji, boma lao lilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka shuleni, mrefu kuliko sisi wote, mwenye bangili za shaba mkononi. Alinuka moshi na maziwa, ile harufu ya kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa, na watoto wa wakulima walikuwa wanaziba pua anapopita. Alikuwa anakuja siku mbili, halafu anapotea wiki nzima na ng'ombe. Mama alimfuata. Jumamosi ya kwanza alikwenda bomani kwao akarudi amechanika gauni kwa miiba. Jumamosi ya pili akakwenda tena, na ya tatu nikaenda naye, ndiyo maana maneno yaliyosemwa huko niliyasikia kwa masikio yangu.

Baba yake Uda alikuwa mzee mrefu, mkimya, fimbo imelazwa mapajani. Mama alimpa shikamoo akiwa ameinama kabisa, akamwambia, "Mzee, huyu mtoto anaelewa haraka kuliko wote darasani kwangu. Mwache akae kwangu mpaka mtihani wa taifa wa darasa la nne. Asipoufanya, la tano haingii, na shule itakuwa imekwisha kwake."

Mzee alifikiri mpaka maziwa tuliyopewa yakaisha. "Akae," alisema. "Nikiwa na shida naye, nitakuja kwako kukuuliza. Sitamtoa bila neno lako, Mwalimu."

Basi Uda akahamia kwetu. Nilitolewa kwenye mgongo wa mama nikalazwa na Uda kwenye godoro la sponji sebuleni, na mama akabaki chumbani peke yake na lundo la madaftari. Uda alikuwa anaamka kabla yetu, anawasha moto, anateka maji. Hakunifanyia baya lolote, nataka niliseme hilo wazi. Alinifundisha kuita ndama kwa mluzi. Lakini jioni mama alikuwa anakaa naye na kibatari, wameinamia kitabu kimoja, vichwa vinagusana, na mimi ninayejua kusoma tangu darasa la kwanza hakuna aliyenihitaji. Nikawa nakosea makusudi. Mama alikuwa anasema tu, "Fausta, wewe hili unalijua," na kumgeukia Uda.

Halafu siku moja darasani Uda akasoma ukurasa mzima bila kusimama, kwa mara ya kwanza. Alipofika mwisho akainua uso, macho yanang'aa, akasema kwa sauti, "Nimemaliza, mama!"

Darasa likacheka. Nikangoja asimamishwe, arudie mara tatu. Mama akasema, "Vizuri sana. Kaa."

Mpaka leo nikikumbuka nahisi jinsi masikio yangu yalivyopata moto. Kwa akili zangu za miaka kumi jambo likawa limekwisha kabisa. Uda alikuwa ameruhusiwa kuwa na mama hata ndani ya minyaa, mimi nilikuwa nabaki na wa baada ya kengele, na huyo naye nilikuwa namgawana. Niliona tunabadilishwa, mimi natolewa pole pole na Uda anaingizwa. Mtu mzima angeona mwalimu aliyefurahi tu. Mimi sikuwa mtu mzima, na sikumuuliza mtu.

Ilibaki kama mwezi mmoja tufanye mtihani. Ukame ulikuwa mkali, vumbi la chumvi lilikuwa linapanda kutoka Ziwa Balangida mpaka midomo yetu inapasuka. Mama aliitwa kwenye semina Katesh, alale huko usiku mmoja, akatuachia jirani atuangalie. Mchana wake Uda alikuwa kisimani na mimi nachambua maharage mlangoni, ndipo nikamwona baba yake anakuja.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu yuko?"

"Hayuko. Ameenda Katesh. Atarudi kesho."

Alitazama jua, akakaa kwenye jiwe. "Maji yameisha kule kwetu," alisema. "Leo tunahamisha ng'ombe, tunazunguka mlima kwenda upande wa pili. Vijana wangu wawili wanaumwa, sina mtu wa ndama. Nilitaka kumuuliza Mwalimu kama ataniachia Uda. Akikataa, nitamwacha. Nitajua la kufanya."

Aliinuka aondoke. Ilibaki kidogo tu jambo lenyewe lisitokee. Alikuwa amekwisha kunipa mgongo.

"Mwalimu alisema ukija umchukue," nikasema.

Akageuka. "Alisema hivyo?"

"Aliniagiza nikuambie. Amesema amechoka."

Msiozaliwa kwetu mtashangaa mtu mzima aamini maneno ya mtoto wa darasa la nne. Lakini habari zote wakati ule zilikuwa zinapita kwa watoto. Msiba, mkutano, ng'ombe aliyepotea, barua ya harusi, mtoto alitumwa, akasema, na hakuna aliyemuuliza mara mbili, maana neno alilobeba lilikuwa la mkubwa aliyemtuma. Mzee hakuuliza tena. Alisema tu, kama aliyevunjika moyo, "Basi. Amejitahidi sana."

Uda alirudi na ndoo kichwani. Baba yake akazungumza naye kwa lugha yao. Akatua ndoo taratibu bila kumwaga, akanijia.

"Mwalimu kasema kweli? Kachoka na mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Aliingia ndani, akayapanga madaftari yake juu ya meza, moja juu ya jingine, akatoka na shuka lake tu. Wakashika njia ya kuzunguka mlima. Nilirudi kwenye maharage yangu na nakumbuka nilifurahi, sitasema uongo mwingine. Furaha ile ilidumu mpaka kesho yake saa tisa, mama alipoingia na begi lake na kuyaona madaftari mezani.

"Uda yuko wapi?"

"Baba yake amemchukua."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alimchukua tu."

"Wameelekea wapi?"

Hapo nikaona kitakachotokea. Atamkuta mzee, atamuuliza, na mzee atamwambia. "Balangida," nikasema. "Wameshuka ziwani."

Hakunywa hata maji. Alibadilisha viatu akaondoka. Alirudi jioni ya siku ya pili, miguu imevimba, viatu vyeupe kwa chumvi ya ziwa, midomo imekauka hata salamu ilimshinda. Nilimchemshia maji nikamwosha miguu. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "Nashukuru wewe upo, mama." Nilikuwa nimelitamani neno hilo mwaka mzima, na lilipokuja sikuweza kumtazama usoni.

Baada ya hapo kila asubuhi alipoita majina kwenye daftari la mahudhurio aliliita na la Uda. Aliliita, akangoja, akaita linalofuata. Siku ya mtihani dawati lake lilikuwa tupu, na bado aliliita. Aliliita mpaka shule inafungwa Desemba. Mimi jina langu lilikuwa karibu na lake, na kila siku nilisema "Nipo, mwalimu" baada ya kimya kile. Nilirudishwa kwenye mgongo wake kulala, lakini sikuubana tena, nilikuwa nalala nimemwachia nafasi katikati kama kuna mtu atakuja. Mwaka uliofuata alihamishiwa Tumati, tukarudi nyumbani.

Alifundisha mpaka akastaafu. Baba alitangulia, kaka zangu wakatawanyika, na mama alipoanza kuugua nikamleta kwangu hapa Mbulu, ninapofuma masweta ya shule kwa mashine. Alikuwa anakaa karibu yangu akisikiliza mashine inavyokwenda, akikosoa rangi. Saa nne, jua likishapata nguvu, nilikuwa namtoa nje aote. Watu wazima wenye watoto wao walikuwa wanapita barabarani, wakimwona wanaacha njia kuja kumpa shikamoo, naye anawaita kwa majina mawili mawili kama yuko darasani.

Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa nampaka mafuta miguu. Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nilimwambia yote, kuanzia mzee alipokaa kwenye jiwe, mpaka Balangida.

Kisha akauliza, "Kwa nini, Fausta?"

"Nilitaka uwe mama yangu."

"Kwani nilikuwa nani?"

Alitazama barabara, akaanza kuzungumza kwa ile sauti yake ya darasani. "Nilimwona yule mzee mnadani, mwaka ule ule, mtihani umeshapita. Nikampita bila kumpa shikamoo. Mtu wa umri wa baba yangu. Akaniita yeye mkubwa, akasema, 'Mwalimu, hujambo?' Sikumwitikia. Watu wamesimama wanaona." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watoto wa watu salamu. Kumbe yeye alitunza neno lake."

"Nisamehe, mama."

"Wewe ni mtoto wangu, nitakuweka wapi? Lakini nenda Gendabi. Kama yupo, mpelekee shikamoo yangu. Na Uda aambiwe." Akaomba nimrudishe ndani, jua lilikuwa limemchosha.

Nilisema nitakwenda akipata nafuu kidogo. Hakupata. Wiki ya tatu tulimzika Tumati, wanafunzi wake wakachimba kaburi kwa zamu.

Nilikwenda baada ya arobaini. Mzee yupo, haoni vizuri, ameacha kuhamahama, anakaa na watoto wake kwenye nyumba ya bati chini ya mlima. Nilimwambia mimi ni mtoto wa Mwalimu, kwamba Mwalimu amefariki, na kwamba kabla hajafa alinituma. "Amesema shikamoo."

Aligeuza sikio kunielekea. "Amesema?"

"Amesema shikamoo. Amesema umsamehe kwa siku ile ya mnadani. Neno nililokupa mimi mlangoni lilikuwa uongo wangu, yeye hakulijua."

Alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Nilijiuliza miaka hii yote nimemkosea nini yule mama," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anamjibu mtu aliyesimama mbele yake, "Marahaba, Mwalimu. Marahaba."

Nikaanza kuomba msamaha wangu mwenyewe, akaninyooshea mkono ninyamaze. "La kwako si langu kulipokea. Mwenyewe yuko shambani, anapalilia."

Nilipita kwenye maharage mpaka nikamwona mgongo wake. Ni mwanamke mkubwa sasa, mwembamba, jembe lake linakwenda haraka. Alipoinua uso alinitambua kabla sijasema jina langu. Aliacha jembe, akaja akanishika mikono yote miwili na udongo wake.

"Habari zimenifikia jana tu, pale kisimani," alisema. "Pole, Fausta. Nimelia sana. Hata kama alinichoka, alikuwa mama yetu."

"Hakukuchoka," nikamwambia. "Uda, hakukuchoka hata siku moja." Nikakaa chini pale pale kwenye tuta, nikaanza kumweleza.